Barabara Pana, Foleni Ile Ile: Toronto na Miji Yetu ya Vyuo



Juzi binti wa kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti akiwa ndani ya matatu. Yeye yuasoma Chuo Kikuu cha Nairobi lakini amepanga chumba Ruiru, kwa sababu kodi ya huko angalau yalipika. Kwao ilikuwa saa moja unusu asubuhi, kwangu saa sita unusu ya usiku. Ametoka nyumbani gizani, darasa lake laanza saa mbili, na hapo ndipo kwanza wamefika Pangani na gari haliendi mbele wala nyuma. Akaniambia: "Ami, barabara ina njia nane nzima, na bado twalala njiani. Ingekuwa ni huko kwenu saa hizi nishafika, nimekunywa na chai."

Nilicheka peke yangu. Maana mchana wa siku ile ile nilikuwa nimekaa ndani ya basi barabara ya Keele, kaskazini ya mji huu, nikiyahesabu magari yaliyosimama kama mtu anayehesabu mbuzi zizini. Nikamjibu kwa maneno mawili matatu nikalala. Lakini swali lake ni swali zuri kuliko jibu nililompa, na nimeona niliandike hapa kwa urefu, kwa sababu sisi tulio nje tuna tabia ya kuwaambia jamaa zetu nyumbani kwamba foleni (au jamu, kama tusemavyo sisi wa Kenya) ni ugonjwa wa nchi maskini. Si kweli. Ni ugonjwa wa barabara, na Toronto imeugua kabla yetu.

Tuanze na barabara ya 401

Barabara kuu ya 401 inaukata mji huu kutoka mashariki hadi magharibi. Ilijengwa kuwa barabara ya kuuzunguka mji, yaani wasafiri wasilazimike kuingia katikati. Kipande cha Toronto kilipokamilika mwaka 1956 kilikuwa na njia nne tu, mbili za kwenda na mbili za kurudi, na pembeni sehemu kubwa ilikuwa mashamba. Haikuchukua miaka mingi ikajaa. Kuanzia mwaka 1963 ikaanza kupanuliwa hadi njia 12, na leo viko vipande vyenye njia 18. Penye shughuli zaidi hupita magari zaidi ya 400,000 kwa siku, na ni miongoni mwa barabara zenye magari mengi kuliko zote Amerika ya Kaskazini.

Sasa nenda ukasimame pale saa kumi na moja jioni. Njia zote hizo, na magari yanatambaa. Mnamo Septemba 2024 mkuu wa serikali ya jimbo la Ontario, Doug Ford, alitangaza kwamba serikali yake itachunguza uwezekano wa kuchimba handaki chini ya barabara hiyo hiyo. Yaani juu pamejaa, sasa twende chini.

Mtu wa kawaida atauliza: hivi njia zikiongezwa mara tatu na zaidi, foleni inatoka wapi?

Sisi watu wa pwani tunalijua jibu, ila hatujapata kulitumia kwa barabara. Fikiria arusi. Mwenye arusi kapika masufuria mawili ya pilau, watu wakaja wakaona chakula ni kichache, wengine wakarudi na njaa. Arusi ya pili akapika masufuria sita. Je, watu watakaa kwa nafasi? Hawakai. Habari itaenea mtaani kwamba kwa fulani pilau ni tele. Waliokuwa hawana nia ya kuja watakuja, aliyekuwa aje peke yake atakuja na watoto, na wa kijiji cha pili watapanda gari waje. Masufuria sita yatakwisha kama yalivyokwisha mawili. Na barabara mpya ni pilau la bure.

Utafiti uliofanywa hapa hapa

Hili si maneno ya barazani tu. Mwaka 1962 Mmarekani mmoja, Anthony Downs, aliandika kwamba barabara kuu za mijini, hata zipanuliwe vipi, saa za kwenda na kutoka kazini hujaa tena. Baadaye wakaja wanauchumi wawili, Gilles Duranton na Matthew Turner, ambao wakati huo wote wawili walikuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Toronto. Walichukua takwimu za miji ya Marekani za miaka ya 1983, 1993 na 2003, wakalinganisha urefu wa njia za barabara kuu zilizojengwa na kilomita zilizoendeshwa na magari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la American Economic Review.

Walichokiona ni hiki: mji ukiongeza njia za barabara kuu kwa asilimia 10, basi na kilomita zinazoendeshwa huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 hivi. Nafasi yote uliyoiongeza inaliwa.

Na magari hayo ya ziada yatoka wapi? Walitaja sehemu tatu kubwa. Kwanza, wakaazi wale wale wanaendesha zaidi: aliyekuwa akinunua dukani karibu na kwake sasa aenda duka la mbali, aliyekuwa akiondoka alfajiri kukwepa foleni sasa aondoka na wenziwe. Pili, malori na magari ya biashara yanaongezeka. Tatu, watu na kazi huhamia pale barabara ilipo. Magari yaliyohama tu kutoka barabara nyingine kuja hii mpya yalikuwa ni sehemu ndogo ya hesabu.

Kuna tokeo jingine ambalo wapenzi wa mabasi na treni, mimi nikiwa mmoja wao, hatupendi kulitaja. Waligundua pia kwamba kuongeza usafiri wa umma hakupunguzi magari barabarani. Abiria mmoja akiliacha gari akapanda treni, nafasi aliyoiacha inachukuliwa na mwingine. Hili nitalirudia, maana ndipo hoja yenyewe ilipo.

Turudi Barabara ya Thika

Sasa itazame Barabara ya Thika. Kabla ya kupanuliwa ilikuwa ni balaa, na kila aliyesoma Kenyatta, au JKUAT kule Juja, ana kisa chake. Ujenzi ulianza mwaka 2009, kiasi cha kilomita 50, kwa fedha za serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na China. Rais Kibaki akaifungua Novemba 2012. Siku za mwanzo watu waliipita mbio wakashukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru.

Kisha ikawa kama ya arusi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu Ruiru watu karibu 239,000. Ya mwaka 2019 ikahesabu kiasi cha 490,000. Sisemi kwamba wote hao waliletwa na lami. Nairobi yenyewe ilikuwa ikikua, na vyuo vilikuwa vikiongeza wanafunzi kila mwaka. Lakini ghorofa za kupangisha zilizoota kuanzia Roysambu, Githurai, Kahawa hadi Juja hazikuota pale kwa bahati. Mwenye ploti aliiona barabara, akajenga. Mpangaji naye aliiona barabara, akahamia. Binti yetu ni mmoja wao: amehamia Ruiru kwa sababu barabara ipo, na barabara imejaa kwa sababu wenziwe nao wamehamia.

Tena kuna jambo la pili ambalo yeye mwenyewe alilitaja bila kujua. Gari lilikwama wapi? Pangani. Yaani pale njia nane zinapoukaribia mji na kumwagwa katika barabara za katikati zisizo na upana huo, wala haziwezi kupanuliwa zaidi bila kuvunja mji. Chupa inaweza kuwa pana chini utakavyo. Maji yatatoka kwa kadiri ya mdomo wake.

Barabara iliyokatwa katikati

Toronto nayo ina mdomo wa chupa kama huo, na kisa chake ni kizuri. Miaka ya 1960 wakuu wa mji walipanga barabara kuu iitwayo Spadina, itoke kaskazini karibu na 401 ije moja kwa moja hadi katikati, kwenye ujirani wa Chuo Kikuu cha Toronto. Mitaa mizima ilikuwa ivunjwe. Wenyeji wakakataa, wakiwamo walimu na wanafunzi, na akawa pamoja nao mama mmoja, Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji aliyekuwa amehamia hapa kutoka New York mwaka 1968. Tarehe 3 Juni 1971 mkuu wa serikali ya jimbo, Bill Davis, akasimama bungeni akaifuta. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa kwamba kama tunajenga kwa ajili ya magari, hapa ni pahali pazuri pa kuanzia, na kama tunajenga kwa ajili ya watu, hapa ni pahali pazuri pa kusimama.

Kipande kilichokuwa kimeshajengwa kipo hadi leo, chaitwa Allen Road, nacho chakomea ghafla barabara ya Eglinton. Jioni utaona magari yamepanga mstari pale yakingoja kutoka, Pangani tupu. Lakini katikati ya kipande hicho ilipitishwa reli. Treni ilianza mwaka 1978, ikasogezwa hadi Downsview mwaka 1996, na tarehe 17 Disemba 2017 ikafika Chuo Kikuu cha York na kuendelea hadi mji jirani wa Vaughan. Stesheni sita mpya, kilomita 8.6, na gharama ya kiasi cha dola za Kanada bilioni 3.2.

Safari ya York

Chuo cha York kilifungua kampasi yake ya Keele mwaka 1965, pembezoni kabisa mwa mji, kwa fikira kwamba wanafunzi na walimu watakuja na magari. Baadaye wanafunzi wakapita 50,000. Kwa miaka mingi mtu asiye na gari alishuka stesheni ya Downsview akapanda basi namba 196, na basi hilo lilikuwa katika foleni ile ile ya Keele pamoja na magari yote. Mwaka 2009 mabasi yalitengewa njia yao wenyewe kwenye sehemu ya safari, na hapo mambo yakapungua ukali. Angalieni hili: njia ya basi haikugharimu mabilioni wala miaka tisa, na ilisaidia mapema kuliko treni.

Treni ilipangwa kufika mwaka 2015, ikafika 2017. Oktoba 2011 mtambo wa kuchimba ulianguka pale pale chuoni ukamwua mfanyakazi kijana. Na treni ilipofika, mabasi ya miji ya jirani yakaacha kuingia ndani ya kampasi. Mwanafunzi wa kutoka nje ya Toronto akashushwa stesheni ya kabla na kulipa nauli ya pili ili amalizie kituo kimoja au viwili. Wanafunzi walilalamika miaka. Nauli moja ya kuunganisha mabasi ya miji jirani na treni za Toronto ilianza tarehe 26 Februari 2024. Yaani reli ya mabilioni ilikuwepo miaka sita, na maskini bado alikuwa akihesabu sarafu mlangoni.

Na foleni ya Keele je? Ipo. Si nimewaambia nilikuwa nimekaa ndani yake juzi?

Sasa kama treni haiondoi foleni, ya nini?

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Treni moja ya chini ya ardhi hapa yachukua kiasi cha watu 1,000. Njia moja ya barabara kuu, ikienda vizuri kabisa, hupitisha kama magari 2,000 kwa saa, na mengi yana mtu mmoja ndani. Basi watu wa treni moja wangehitaji njia nzima kwa nusu saa. Na treni nyingine yaja baada ya dakika chache.

Kwa hivyo treni, au basi lenye njia yake, halimfungulii mwenye gari barabara. Linalofanya ni kumpa asiye na gari safari isiyotegemea foleni ya wenzake. Hilo ni jambo tofauti, na wanasiasa kote duniani huyachanganya makusudi: humwahidi mwenye gari kwamba reli itamsafishia njia, kisha isipomsafishia wanasema reli imeshindwa.

Iko dawa moja ambayo wale wanauchumi wawili waliiunga mkono, nayo ni kutoza nauli barabara yenyewe saa za msongamano. Singapore ilianza mwaka 1975, London 2003, New York Januari 2025. Toronto, baraza la mji lilikubali Disemba 2016 kuomba ruhusa ya kutoza barabara mbili kuu, na mwezi uliofuata serikali ya jimbo ikakataa. Lakini tunayo ya kulipia, 407, iliyofunguliwa 1997 na kukodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 1999 kwa miaka 99. Kweli inapitika, wakati 401 kusini yake imejaa. Lakini anayepita ni mwenye uwezo. Nairobi nako imefunguliwa barabara ya juu ya kulipia mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na chini yake matatu ziko pale pale. Tozo bila basi zuri ni kumwuzia tajiri wakati wa maskini. Tozo ikinunua mabasi, hapo ni mazungumzo mengine.

Anayelipa wakati wa ujenzi

Jambo jingine ambalo halimo katika picha za uzinduzi ni miaka ya vumbi. Reli ya barabara ya Eglinton ilianza kujengwa mwaka 2011. Iliahidiwa 2020. Mwaka 2025 uliisha kabla abiria wa kwanza hajapanda. Kando ya njia hiyo upo mtaa waitwao Little Jamaica, maduka ya watu weusi, vinyozi, mikate, muziki. Miaka yote ile mbele ya milango yao kulikuwa na uzio na mashimo. Mteja hana pa kusimama, basi limebadilishwa njia. Maduka mengi yalifunga. Mji hupata treni, na waliolipa kwa wateja wao hawapo kuipanda.

Wa Dar es Salaam mwalijua hili. Ubungo, chini ya kilima cha Chuo Kikuu, imechimbwa mara ngapi? Kwanza Mwendokasi, iliyoanza kubeba watu mwaka 2016, kisha makutano ya juu kwa juu ya Kijazi yaliyofunguliwa Februari 2021. Kila mara mama lishe na muuza vitabu wa pembeni huambiwa asogee, na akisogea harudi pale pale.

Kisa changu, kisha nimalize

Zamani, nilipokuwa kijana wa kusahihisha karatasi katika chuo kimoja cha hapa, niliwekwa kusimamia mtihani siku ya theluji. Kanuni ilisema anayechelewa zaidi ya nusu saa haingii. Akaja dada mmoja wa Kikongo, amechelewa dakika arobaini, viatu vimelowa. Alikuwa ametoka kufanya usafi usiku kucha upande wa pili wa mji, akapanda mabasi matatu, na la tatu likakwama. Akanisemesha kwa Kiswahili, maana alilisikia jina langu: "Kaka, nisaidie." Nami nikamwonyesha kanuni. Wenzake walioingia mapema walikuja na magari yao, au walipanga vyumba hatua chache kutoka darasani.

Sijamwona tena baada ya muhula ule. Nikisoma mijadala ya foleni, dakika ngapi mwenye gari amepoteza, mafuta kiasi gani yamechomwa, namfikiria yeye. Yeye hakuwa kwenye hesabu ya mtu.

Basi binti yetu nimemwandikia hivi. Mwanangu, wakikwambia wataongeza njia mbili nyingine, usitegemee. Tegemea, na udai, vitu vidogo: basi lenye njia yake, daraja la kuvukia kabla ya watu kugongwa na si baada, na vyumba vya wanafunzi karibu na chuo kwa kodi wanayoiweza. Mwanafunzi anayelala mwendo wa dakika kumi kutoka darasani hahitaji njia hata moja ya lami. Kila kitanda kikijengwa karibu na chuo, ni safari mbili zimetoka barabarani kila siku.

Akanijibu jioni yake: "Nimekufahamu ami. Lakini kesho nitoke saa ngapi?"

Nikamwambia atoke saa kumi na moja kama kawaida. Na huyo mwalimu wake, kama ana kanuni ya nusu saa, Mungu amlainishe moyo.

Mwenye la kuongeza, hasa wenzetu wa Kampala na Dar, na aongeze. Wasalaam.